Chai ya thabai si vidonge vya damu

"Daktari, hivyo vidonge vya damu niliacha, vinanichafua roho. Siku hizi nakunywa chai ya thabai." Huyo ni mama wa nne wiki hii kuacha vidonge vya madini ya chuma kwa ajili ya thabai, ile mboga ya majani yanayowasha ukiyashika. Mimba ya miezi sita, himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, 8.9. Mjamzito akishuka chini ya 11 tayari ana upungufu wa damu.

Msinielewe vibaya. Thabai nimekua nikiila kwenye mukimo, na nikipita soko la Wangige sirudi bila fungu. Lakini tupige hesabu. Gramu 100 za majani yaliyochemshwa zina takriban miligramu 1.6 za madini ya chuma. Mjamzito anahitaji 27 kwa siku. Kidonge kile anachopewa kliniki kina 60, na asidi ya foliki juu yake. Tena chuma cha mboga mwili hukichukua kwa shida kuliko cha nyama. Na hapo nimezungumzia majani yanayoliwa. Wewe unayaloweka kwenye kikombe, unakunywa maji, majani unamwaga! Bitiruti nayo ni yale yale: watu wameona wekundu wakadhani ni damu.

Halafu kuna chai ya maziwa, na hapa ndipo ninapokosana na nusu ya Nairobi. Majani ya chai hukishika chuma kisiingie mwilini. Mtu anakula mboga zake vizuri, au anameza kidonge, kisha anateremshia na kikombe cha chai. Subiri angalau saa moja. Teremshia na maji, kula chungwa au kamulia ndimu kwenye mboga. Vitamini C husaidia chuma kuingia. Roho ikichafuka, meza kidonge usiku baada ya kula kidogo. Choo kikiwa cheusi usikimbie kuniletea habari, ni chuma hicho. Ikishindikana kabisa, rudi kliniki wakubadilishie, usijibadilishie mwenyewe sokoni.

Na damu haipungui kwa ukosefu wa mboga tu. Malaria, minyoo, hedhi nzito, selimundu (sickle cell): hakuna kati ya hayo linalotibiwa na kikombe cha thabai.

Mengine yanayosemwa kuhusu thabai nitayapitia haraka.

Eti ukiila itakuwasha tumboni. Vinyweleo vinavyochoma huishiwa nguvu majani yakichemka. Kuchuma ndiko kunakotaka glavu.

Eti inatibu presha. Hukojoza kidogo, basi. Ukiongeza juu ya vidonge vya kukojoza unaweza kupata kizunguzungu; ukiacha vidonge kwa sababu yake, hilo ni balaa lingine.

Eti ni mmea, haina madhara. Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, aje tuzungumze kwanza. Thabai imejaa vitamini K, inayovuta upande wa kugandisha damu huku dawa ikivuta upande wa pili. Sisemi asile kabisa. Asile rundo leo na kesho asiguse.

Na tafadhali, mkiagiza kwa ndugu wa Pwani msiseme "upupu". Huo ni mmea mwingine kabisa, wa kutambaa, na vinyweleo vyake viko kwenye maganda.