Ulikuwa na makaratasi ya Kanada, sasa bwana anataka kukudhamini

Hapa Lubumbashi naletewa sana dosiye (mafaili) za wanawake waliowahi kuwa wakaaji wa kudumu wa Kanada, yaani wenye ruhusa ya kuishi huko bila kuwa raia, wakarudi kuuguza mzazi au kufuata kazi ya migodi. Sasa bwana ni raia wa Kanada na anataka kumdhamini mkewe ili apate ukaaji tena. Inawezekana? Ndiyo. Aliyeukana ukaaji kwa hiari hafungiwi mlango. Ila mimi huuliza kwanza: uliukana kweli, au ni kadi tu iliyokwisha muda?

Kadi ikiisha, ukaaji haujaisha. Hukoma ukiukana kwa fomu IMM 5782 na ombi likakubaliwa, afisa akiamua hukutimiza masharti na rufaa ikashindwa au muda wake ukapita, amri ya kukuondoa nchini ikianza kutumika, au ukipata uraia. Kukaa Katuba miaka kumi bila kukanyaga Montréal peke yake hakuufuti. Na aliye mkaaji bado hawezi kudhaminiwa awe mkaaji: dosiye itakwama, nanyi mmeshangoja miezi.

Hapo ndipo ninapowaomba watulie. Sharti la kulinda ukaaji ni kuwa Kanada siku 730 katika kila miaka 5, lakini siku ulizoishi nje pamoja na mume aliye raia zinahesabiwa. Mke aliyekaa nyumba moja na bwana raia pale Kampemba huenda hajapungukiwa kitu. Huyo haombi udhamini, anaomba hati ya safari ya mkaaji wa kudumu, na kazi yake kubwa ni kuthibitisha kwamba waliishi pamoja: mkataba wa nyumba, karatasi za shule za watoto, uraia wa bwana. Wapo waliosaini kukana kwa sababu tu waliambiwa ndiyo njia ya haraka ya kupata viza ya kutembea. Ushauri mbaya. Ombi likishakubaliwa, haligeuzwi.

Kama umeshakana, mnaanza upya. Bwana raia anaweza kukudhamini hata akiishi hapa, mradi aonyeshe mtahamia Kanada ukishapata ukaaji. Akiwa mkaaji wa kudumu tu, lazima awe anaishi kule. Ahadi ya kukutunza ni ya miaka 3, na Québec ina hatua zake za ziada.

Ndoa iwe na akte ya komini, yaani cheti cha ndoa cha serikali. Kukabidhi mahari hakutoshi. Na ndoa ile ya bwana kuwa Toronto huku kaka yake akisimama badala yake mbele ya afisa hapa, Kanada haiitambui tangu Juni 2015. Familia hukasirika nikisema hivyo, na siwalaumu: mahari imetoka, wageni wamekula.

Fomu itauliza kama uliwahi kuomba Kanada. Jibu ndiyo, andika namba yako ya zamani ya uhamiaji, ambatanisha barua iliyothibitisha kukana, na ueleze kwa aya moja kwa nini uliondoka. Afisa anayo historia yako kwenye kompyuta kabla hajafungua picha za harusi.