Bampa la chuma linalinda rejeta, halikulindi wewe

Jamani, sentensi hii nimeichoka: "Fundi, toa hii plastiki uniwekee bampa la chuma, nabeba familia nataka usalama." Anakuja na Prado, anakuja na Hilux, siku hizi hata na Jimny, na ukimwambia bosi subiri kwanza tuongee anaona unamzungusha. Mimi nachomelea mabampa ya chuma, ndo kazi inayonilisha hapa Tanga, kwa hiyo nikikwambia chuma hakikuongezei usalama wa ajali barabarani ujue sina faida yoyote ya kukwambia hivyo.

Tuanze na hiyo "plastiki" inayodharaulika. Ile unayoiona kwa nje si bampa lenyewe, ni kava. Ukiligeuza utakuta limeandikwa PP na EPDM, yaani plastiki iliyochanganywa na mpira ili ikiguswa ibonyee halafu irudi. Nyuma ya kava kuna foamu, nyuma ya foamu kuna baa ya chuma au alminiamu imekatiza upana wa gari, na kwenye gari nyingi baa hiyo imeshikwa kwenye chesisi na viboksi viwili vifupi vya bati lenye mikunjo. Vile viboksi watu hawavijui kabisa na ndo vinafanya kazi kubwa. Vimetengenezwa vijikunje. Ukigonga nguzo kwa mwendo mdogo vinajikunja vyenyewe, unafungua bolti, unaweka vingine, chesisi haijaguswa. Sasa wewe unavitoa, unaweka pleti ya milimita 6 iliyofungwa moja kwa moja kwenye ncha za chesisi, ukigonga ile ile nguzo bampa linabaki zuri halina hata mkwaruzo na unashangilia, kumbe chesisi inaweza kuwa imepinda, hata mlango wa mbele ukaanza kugoma kufunga. Kunyoosha chesisi si bei ya viboksi.

Na kinachowafanya watu waamini plastiki haina kitu ni mafundi wenzangu. Kuna Prado ililetwa kwangu imetoka gereji moja baada ya ajali, rangi inang'aa, ukiiangalia safi. Nikabonyeza bampa kwa kidole gumba, likaingia lote. Nikafungua: foamu hamna, baa hamna, kava limeshikwa pembeni na waya wa kufungia nondo, mbele ya rejeta ni hewa tupu. Mwenye gari alikuwa anasafiri na hiyo kitu barabara ya Segera na mzigo nyuma. Gari ya hivyo ikigonga ikaharibika vibaya watu wanasema si unaona, plastiki! Siyo plastiki, baba. Mtu ametoa bampa akakuachia kava.

Halafu kuna hii imani ya "gari ngumu ndo salama". Ruka kutoka juu ya ukuta miguu imenyooka kama mti, halafu ruka tena ukikunja magoti, utanielewa bila hesabu. Hesabu yenyewe nayo ni fupi: kwa mwendo ule ule, mwili wako ukisimamishwa ndani ya sentimita 20 badala ya 60, nguvu ya wastani inayokuja kwenye mkanda na kifua chako inakuwa mara tatu. Kujikunja kwa mbele ya gari ndo kunakupa hizo sentimita. Hili si jambo jipya, mhandisi wa Mercedes-Benz, Béla Barényi, alilisimamia tangu miaka ya 50 mwanzoni na mwaka 1959 wakatoa gari yenye pua na mkia wa kukunjika na katikati pagumu.

Sisemi ukiweka chuma umekufa, nisieleweke vibaya. Chesisi yenyewe ya mbele na chumba cha injini bado vinakunjika, bampa ni sehemu tu ya safari. Ila umebadilisha namna kishindo kinavyofika ndani, na eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka ukigonga, inategemea hicho hicho. Sensa zake zinapima gari inavyopunguza mwendo ghafla, mtengenezaji kazipanga kwa bampa lake yeye. Ukiweka kitu kigumu zaidi zinaweza kusoma tofauti, eabegi ikawahi au ikachelewa. Kuna makampuni makubwa ya nje yanapima mabampa yao kwa kugongesha gari kabisa. La kwangu halijawahi kugongeshwa kwenye ukuta wa majaribio, la jirani yangu pia, na yeyote wa hapa anayekuhakikishia eabegi haitaathirika muulize kapimia wapi.

Na wa nje ya gari je? Mtoto anavuka Muheza, bodaboda kakatiza Pongwe. Kava na foamu vinampa mtu nafasi kidogo, bomba la inchi mbili na nusu likiwa usawa wa nyonga halimpi kitu. India mwaka 2017 walipiga marufuku ngao za mbele, yaani yale mabomba ya chuma yanayofungwa mbele ya gari, kwa sababu hiyo na hiyo ya eabegi. Mimi ngao refu zinazopanda mpaka juu ya boneti kwa gari inayoshinda mjini nimeacha kutengeneza, nenda kwa mwingine.

Najua utaniuliza "mbona Land Cruiser Mkonga inatoka kiwandani na bampa la chuma?" Ndiyo, lakini liguse. Ni bati lililokunjwa, jembamba, linabonyea. Chuma siyo kitu kimoja, pleti ya milimita 6 na bati la kiwandani ni vitu viwili mbalimbali.

Sasa chuma kinashinda wapi? Porini, na huko kinashinda kweli. Njia ya kupanda Amani mvua ikinyesha udongo mwekundu unakuwa sabuni, gari inateleza pua inaingia kwenye ukingo wa mfereji, mdomo wa chini wa kava unachota tope, ukirudi nyuma tope linalivuta, klipu zinakatika moja moja mpaka kava linabaki chini. Bampa la chuma lililokatwa pembe kwenda juu linapita hapo bila kugusa. Kama unaingia Saadani kwenye udongo mweusi unahitaji winchi, ile mashine ya waya ya kujivuta ukikwama, na winchi haikai kwenye plastiki. Visiki, matawi, mawe, chuma hoyee.

Wanyama ndo wananipa shida, kusema ukweli. Ng'ombe usiku barabara ya Handeni, chuma kinaweza kuokoa rejeta ukafika nyumbani badala ya kulala porini, na kulala porini na watoto nako ni hatari. Kwa mtu anayeishi kwenye njia hizo nasitasita, siku nyingine namwambia weka, siku nyingine namwambia punguza mwendo usiku ubaki na bampa lako la kiwandani, maana kutoka 40 kwenda 80 nishati ya kugonga inakuwa mara nne na hakuna bampa la kufuta hiyo.

Uzito nao watu hawaupigii hesabu. Pleti ya milimita 4, mita moja ya mraba, ni kilo 31. Ongeza mabomba, ongeza winchi yenye waya wake kilo 30 na ushee, vyote vinaning'inia mbele ya ekseli, kwa hiyo mbele inabeba zaidi ya uzito wenyewe na nyuma inakuwa nyepesi. Jimny yenye kilo elfu moja na mia kidogo inalala pua. Badilisha springi na shokapu au usiweke kabisa, na milimita 3 iliyokunjwa vizuri inatosha, hiyo 6 mnayoipenda ni sifa tu.

Kutu: hewa ya bahari Tanga haina huruma, bomba lililozibwa linaoza kwa ndani huku rangi inang'aa. Dai matundu ya kutolea maji chini, na praima ya zinki kabla ya rangi.

Kava likipasuka usilijaze faiba, haishiki vizuri kwenye PP. Lichomelewe kwa kijiti cha plastiki ya aina hiyo hiyo.

La mwisho na naomba mlisikie. Usifunge kamba ya kuvutia gari kwenye bomba la ngao, hata kama nimelichomelea mimi. Likichomoka gari ikiwa imekwama linaruka na kamba, linaua. Huku, yaani ndoano ya kuvutia, ifungwe kwenye chesisi, bolti ziwe zimeandikwa 8.8 kichwani au zaidi, na fundi akikufungia bolti isiyo na maandishi mwambie aitoe kabla hujalipa.