"Bosi, klachi ya Canter bei gani?"

Karibu kila asubuhi simu yangu hufunguka na swali hilo. Nakaa kaunta ya spea hapa Gerezani, Dar es Salaam. Nikitaka kukujibu haraka, nitakutajia bei ya chini kabisa niliyonayo ili usiende duka la pili. Utafurahi. Kelele zitaanza mzigo ukishafika Makambako na fundi akafungua boksi.

Neno "klachi" lenyewe ni mtihani. Mmoja anamaanisha pleti peke yake (sahani ya msuguano), mwingine pleti na presha (ile inayoibana pleti), mwingine seti nzima pamoja na beringi (inayoisukuma presha ukikanyaga klachi). Duka hili likikupa bei ya pleti na lile bei ya seti, hujalinganisha kitu. Mimi hushauri seti, maana kazi kubwa ni kushusha gia boksi. Kuishusha tena mwezi ujao kwa sababu beringi imeanza kulia ni kulipa ufundi mara mbili. Flaiwili, yaani gurudumu la chuma la injini ambalo pleti hubanwa juu yake, nayo iangaliwe mapema. Ikiwa na alama za kuungua, ulizia na gharama ya kuikereza.

Wengi hunitumia picha ya kadi ya gari. Namba ya chesisi inasaidia, ila magari yetu yamepita mikono mingi. Niliwahi kuuza pleti kwa kufuata kadi, kumbe injini na gia boksi vilishabadilishwa. Kipenyo kilikuwa kilekile, lakini meno ya katikati yakagoma kuingia kwenye shafti. Pleti ilirudi kwa basi, nauli nikalipa mimi. Siku hizi nauliza injini iliyomo sasa, tena naomba picha ya pleti ya zamani ikiwa na rula juu yake, kipenyo kwa milimita, na meno yahesabiwe. Namba ya spea ikisomeka, ni bora zaidi. Kwa Toyota, inayoanza na 31250 ni pleti, 31210 ni presha, 31230 ni beringi; hapo hata fundi akikosea jina tunaelewana.

Siyo klachi tu. Krosi ya propela (kiungo cha shafti inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi magurudumu ya nyuma) nayo ina vipimo vyake: kipenyo cha kikombe kilicho kwenye ncha yake, na urefu kutoka kikombe hadi kikombe cha upande wa pili. Niambie pia kama klipu zinakaa nje au ndani. Kwa senta beringi, ile inayoshikilia propela katikati, pima tundu la ndani na umbali kati ya matundu ya bolti.

Ukiambiwa "orijino", uliza ya nani. Exedy, Aisin, Valeo na Sachs kila moja ina bei yake. (Mzee akikwambia Daikin, ndiyo hiyo Exedy, ilibadili jina mwaka 1995.) Uliza pia kama VAT imo ndani ya bei, na kama mzigo upo dukani au ni wa kuagiza, kwa sababu bei ya kitu ambacho bado kiko Dubai inaweza kugeuka kabla hakijafika.

Juzi kuna fundi aliniandikia hivi: "Bosi, Canter, injini ya sasa 4D33, siyo ya kwenye kadi. Seti: pleti, presha, beringi. Nipe bei ya Exedy na ya nafuu yake, VAT ndani, mpaka kwenye basi stendi ya Mbezi. Vipimo na picha hizo hapo." Alipata bei zote mbili kabla chai yangu haijapoa.