Kwa nini Ukumbi wa Royce una jina la mwalimu ambaye hakusomesha katika chuo hicho?

Royce Hall ni ukumbi mkuu wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, jengo la matofali lenye minara miwili lililokamilika mwaka 1929. Wengi wanaolisikia jina hilo hudhani kwamba Royce alikuwa tajiri aliyetoa fedha za ujenzi, au profesa wa mwanzo chuoni hapo. Dhana zote mbili si sahihi. Josiah Royce alikuwa mwanafalsafa aliyesomesha Harvard tangu mwaka 1882 hadi alipofariki Septemba 1916, na chuo cha Los Angeles kilianzishwa mwaka 1919.

Kwetu Zanzibar jambo hili halina ugeni mkubwa, kwani tunazo Skuli ya Lumumba na Skuli ya Haile Selassie, na hakuna kati ya wawili hao aliyesomesha hapa. Hata hivyo, majina hayo ni heshima kwa viongozi wa Afrika, ilhali jina la Royce lina nasaba.

Kilichoanzishwa mwaka 1919 kilikuwa Tawi la Kusini la Chuo Kikuu cha California, ambacho wakati huo makao yake yalikuwa Berkeley. Anayelima migomba ataelewa upesi. Akitaka shamba jipya, huchimbua chipukizi pembeni mwa mgomba mama na kwenda kulipanda mbali. Chipukizi hilo litatoa majani yake na mkungu wake, na huenda likampita mama kwa urefu, lakini aina ya ndizi ni ile ile, na mkulima ataiita kwa jina lile lile. Royce ni wa shina hilo la mama: alihitimu hapo mwaka 1875, kisha akarudi kusomesha Kiingereza kuanzia 1878 hadi 1882. Isitoshe, alikuwa mzaliwa wa California, katika mji wa wachimba dhahabu wa Grass Valley, ambako mama yake, Sarah, aliendesha skuli ya watoto.

Bila shaka nasaba peke yake isingetosha, kwa kuwa wahitimu walikuwa wengi. Royce alikuwa miongoni mwa wanafalsafa mashuhuri wa Marekani wa zama zake. Na kinachonivutia zaidi ni fikra yake mwenyewe. Mwaka 1913 alieleza kwamba jumuiya huundwa na watu wanaoshiriki kumbukumbu moja ya yaliyopita na tumaini moja la yajayo, hata kama hawakuwahi kuonana. Kwa kipimo hicho, mwanafunzi anayekaa leo katika ukumbi ule na mhitimu wa 1875 ni watu wa jumuiya moja.