Maporomoko ya Johnston Canyon Huganda kwa Nje Tu

Wageni ninaowaongoza wakati wa baridi katika Johnston Canyon, korongo lililomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Banff nchini Kanada, huniuliza kwanza baridi itakuwa kali kiasi gani, ilhali mimi huwa nimekwisha kuangalia joto la siku mbili tatu zilizotangulia. Hilo ndilo linaloniambia barafu iko katika hali gani, na ni wapi panafaa kusimama.

Barafu ya maporomoko huanzia pembeni, pale maji yanapotiririka kidogo kidogo na manyunyu yanapogusa mwamba uliokwisha kupoa chini ya sifuri. Tabaka hukaa juu ya tabaka, michirizi inayoning'inia hurefuka hadi ikakutana na ile inayoinuka kutoka chini, na hatimaye hutokea pazia zima. Nyuma ya pazia hilo maji yanaendelea kuanguka, na ukinyamaza kidogo utayasikia. Sehemu zenye viputo vingi vya hewa huonekana nyeupe. Zilizoshikamana na kuwa nene huonekana za buluu, kwa kuwa barafu hufyonza zaidi mwanga mwekundu.

Joto linapopanda ghafla, kama upepo wa Chinook unavyofanya unaposhuka mashariki mwa Milima ya Rocky, maji hupenya kati ya barafu na mwamba, na kile kilichokuwa kimeshikilia huanza kuachia. Baridi inayoshuka kwa kasi nayo ina hatari yake: barafu husinyaa, huwa kavu na rahisi kuvunjika, na nguzo iliyoonekana imara jana inaweza kukatika bila kuguswa. Siku ninazozipenda ni zile ambazo joto limebaki chini kidogo ya sifuri kwa muda, bila kupanda na kushuka.

Njia yenyewe si ngumu. Ni takriban kilomita 1.2 hadi maporomoko ya chini, Lower Falls, na kilomita 2.5 hivi hadi ya juu, Upper Falls, na mahali pengi unatembea juu ya vivuko vya chuma vilivyopachikwa kwenye kuta za mawe ya chokaa. Tatizo ni theluji iliyokanyagwa na maelfu ya watu hadi ikawa laini kama kioo. Kwa sababu hiyo simruhusu mtu kuanza safari bila meno ya chuma ya kuvisha juu ya viatu, ambayo hukodishwa mjini Banff. Buti nzuri peke yake haitoshi, hata iwe ya bei gani.

Kuhusu mavazi, ninasisitiza jambo moja: usitoke jasho. Anza safari ukihisi ubaridi kidogo, vaa sufu karibu na mwili badala ya pamba, ambayo hushika unyevu, na uweke koti zito kwenye begi kwa ajili ya kusimama. Chupa ya maji igeuzwe mdomo chini, kwa sababu maji huanza kuganda kwa juu.

Kule Upper Falls mara nyingi utawakuta watu wakipanda barafu kwa mashoka na kamba. Kila pigo la shoka laweza kuangusha kipande, kwa hiyo watazamaji hawasimami chini yao, hata kama picha nzuri zaidi ingepatikana hapo.

Kazi kubwa zaidi ya kukataza ninaipata kwenye kidimbwi cha Lower Falls. Theluji hufunika uso wake hata mtu akadhani ni uwanja, lakini maji yanayoanguka hayaachi kuila barafu kutoka chini, na barafu iliyo nene ukingoni inaweza kuwa gamba jembamba hatua mbili mbele. Picha zote tunapiga tukiwa ndani ya uzio.