Ngitili ni nini, na kwa nini haifungwi mwaka mzima

Ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza na kulifungua kiangazi kikikolea, kwa kawaida Julai au Agosti. Tangu zamani majani yake yalikuwa akiba ya ndama, maksai wa kulimia, na ng'ombe wazee au wagonjwa wasioweza kufuata kundi mbali. Zipo za kaya, zipo za kijiji.

Shinyanga ilikaribia kuzipoteza zote. Miti ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, kisha miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijijini na kuyaacha maeneo waliyoyatunza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizorekodiwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mradi ulihangaika na vitalu vya miche. Kilicholeta mabadiliko ni wenyeji kurudia ngitili. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Sehemu kubwa haikupandwa kitu: visiki vilichipua, na mbegu zilizolala ardhini zikaota.

Majani yakisharudi, wengi hudhani kazi imekwisha: ng'ombe wasiingie, basi. Sivyo. Nyasi zisipoliwa kwa miaka, zile ndefu hutawala. Makavu ya mwaka jana hulala juu ya ardhi kama mkeka, mwanga haufiki chini, na mimea midogo, kama ile ya jamii ya kunde inayotambaa na mboga za porini, hukosa pa kuotea. Baadaye vichaka navyo husongamana, nyasi zenyewe zikapungua.

Kufungua mapema nako ni hasara. Nyasi zikiwa bado kwenye maua, ng'ombe huanza na zile tamu, nazo zinaliwa kabla ya kuangusha mbegu. Rudia hivyo misimu kadhaa, utabaki na yale wanayoyakwepa.

Ndiyo maana Agosti ni mwezi mzuri. Mbegu zimeshadondoka, na nyasi za kudumu zimeshateremsha chakula mizizini, hivyo kuliwa juu hakuziumizi sana. Kwato huvunja ukoko wa udongo na kuzikanyagia mbegu ndani. Mvua ya Novemba inakuta nafasi zilizo wazi. Wafugaji makini huigawa ngitili vipande, wakamaliza kimoja kabla ya kufungua kingine. Kwangu mimi, utaalamu wenyewe uko hapa kuliko kwenye wingi wa hekta.

Anayeingiza mifugo Februari hukamatwa na sungusungu, na dagashida, yaani mkutano wa jamii, humtoza faini. Mtihani huja mwaka wa ukame, kila mtu anapotaka kufungua mapema na hakuna wa kumlaumu. Hapo ni afadhali kutoa kipande kimoja kiliwe mpaka kiishe, vingine viachwe viangushe mbegu kwanza.