Ethanoli ya selulosi ni nini?

Ni alkoholi inayotengenezwa kutokana na nyuzinyuzi za mimea: mabua, makapi ya miwa, majani makavu, unga wa mbao. Alkoholi yenyewe haina tofauti na ile ya nafaka au molasi. Tofauti ni namna sukari yake ilivyopatikana.

Selulosi ni mnyororo mrefu wa glukosi. Wanga nao ni glukosi. Mbona basi wanga tunaumeng'enya na bua hatuliwezi? Ni suala la maungio. Ndani ya selulosi kila glukosi imepinduliwa kinyume cha jirani yake, hivyo minyororo hunyooka, ikalaliana na kushikamana barabara, na vimeng'enya vya tumboni mwetu haviwezi kuikata. Kisha imezungukwa na hemiselulosi, minyororo mifupi ya sukari za aina mbalimbali, pamoja na lignini, ile gundi inayoupa mti ugumu.

Kwa hiyo kazi ngumu hapa ni kufungua. Kuchachusha huja baadaye. Mwaka 1819 Mfaransa Henri Braconnot alitia vitambaa vya kitani kwenye asidi kali ya sulfuriki akapata sukari. Njia hiyo inafanya kazi, lakini asidi hula mitambo na huharibu sehemu ya sukari yenyewe. Siku hizi malighafi husagwa, hulegezwa kwa mvuke wa shinikizo kubwa au asidi hafifu, kisha hutiwa selulasi, yaani vimeng'enya vinavyokata selulosi. Mzalishaji wao mashuhuri ni kuvu aitwaye Trichoderma reesei, aliyekutwa Visiwa vya Solomon wakati wa Vita Kuu ya Pili akitafuna mahema ya jeshi la Marekani. Mharibifu yule yule sasa ameajiriwa kiwandani!

Glukosi ikishapatikana, hamira huigeuza: gramu 180 za glukosi, zikigeuka zote, hutoa gramu 92 za ethanoli, zilizobaki ni kaboni dioksidi. Hemiselulosi ndiyo yenye usumbufu, kwani hutoa zailosi, sukari ambayo hamira ya kawaida haiichachushi. Ndiyo sababu watafiti wamezibadili hamira nyingine jeni ziweze kuitumia.

Mwishowe mchachuko hukenekwa ili alkoholi itengane na maji. Lignini haichachuki hata kidogo. Hukaushwa na kuchomwa, ikachemsha mvuke wa kulegezea mabua yanayofuata.